Mwenye Uso Huu

Kaeni, wapendwa. Kaeni vizuri, maana leo sikuja na neno tamu. Aliyekuja kutafuta neno la kumrudisha nyumbani akipiga miluzi, kakosea Jumapili. Na wewe mzee wangu unayetazama saa, ishushie mkono wa shati. Nyama haitaungua; mwenye kuipika yuko hapa hapa kanisani, hata moto hajawasha.

Nina mfano. Nimeutunga mwenyewe, kwa hiyo msianze kunong'onezana kwamba mji huo ni mahali fulani na mwenyekiti huyo ni shemeji yake fulani. Ni mfano. Ila ukikuwasha mahali, jikune.

Palikuwa na mji mmoja wa milimani, mji wa baridi na migomba, wenye soko moja, stendi moja na kipilefti kimoja. Katikati ya kipilefti kile, pale magari yanapozunguka, hapakuwa na kitu ila nyasi na mbuzi wa watu. Lakini mji ule ulikuwa na jambo moja la kujivunia. Mtoto wao mmoja, mzaliwa wa vijiji vya juu, alikuwa meja jeshini. Kukawa na vita mpakani, na Meja yule na askari wake wakazidiwa, wakawa wanarudi nyuma kuvuka daraja. Yeye akabaki ng'ambo na bunduki yake, akipiga, mpaka askari wake wa mwisho alipovuka. Alipoanza kuvuka yeye, daraja likalipuliwa naye akiwa juu yake. Mto ukamchukua. Walimtafuta wiki mbili, hawakupata hata kifungo cha shati.

Mtu shujaa, sivyo? Shujaa. Mimi sina ugomvi na Meja. Ugomvi wangu uko kwingine, nisikilizeni taratibu.

Meja alikuwa na mama. Sasa kule kwao kuna desturi: mtu akifia mbali na mwili usipatikane, wanaukoo hukata shina la mgomba, hulivika sanda, hulilaza kaburini, na watu hulitupia udongo kama wanavyomtupia marehemu. Baada ya hapo matanga huanuliwa, watu hunyoa nywele, kila mtu hurudi shambani kwake. Basi wazee wa ukoo wakamwendea mama yule wakamwambia, "Mama, tumzike mwanetu, tupumzike."

Mama akawatazama mmoja mmoja. Akasema, "Mimi sikuzaa mgomba."

Ungemjibu nini? Wao walichukua fimbo zao wakaondoka. Kwa hiyo Meja hakuzikwa. Miaka ikaenda, thelathini na ushee, wenzake waliofiwa wanayo makaburi ya kung'olea majani na kupanda ua, yeye hana. Kila akienda mazikoni kwa watu, ikifika zamu ya kutupa udongo, anarudi nyuma ya watu. Kitu alichokitaka katika dunia hii kilikuwa kidogo sana, ndugu zangu. Alitaka kumtupia mwanawe kiganja kimoja cha udongo. Basi. Hakuomba pensheni, hakuomba nyumba ya bati. Alitaka mahali pa kuweka kiganja cha udongo.

Ndipo mji ukaamua kumjengea Meja sanamu pale kwenye kipilefti. Kamati ikaundwa. Sisi kwa kamati hatujambo! Mwenyekiti akawa bwana mmoja mwenye duka kubwa la vifaa vya ujenzi, mtu mwenye sauti, mtu ambaye akikohoa mkutanoni watu huandika. Wakaleta fundi sanamu kutoka mbali, mtu mkimya, kucha zake zimejaa saruji. Fundi akauliza swali la kwanza, "Picha yake iko wapi?"

Picha! Kamati ikakuna vichwa. Ikapatikana moja ya askari arobaini wamejipanga, wote wana kofia za chuma, na uso wa Meja ni punje ya mtama. Ile iliyokuwa ukutani kwa mama yake ililiwa na mchwa zamani, ikabaki fremu. Fundi akaanza kuzunguka sokoni kuwauliza watu wa rika la Meja, huyu pua yake ilikuwaje, kidevu kilikuwaje. Muuza nyama mmoja akamcheka. "Fundi, unahangaika bure. Yule alikuwa mama yake mtupu. Mvue mama yake kilemba, mvike kofia ya jeshi, umemaliza kazi."

Fundi akabeba ndoo ya udongo wa mfinyanzi, akaifunika kwa gunia bichi, akapanda mlima. Akamkuta mama anamenya ndizi mlangoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Karibu, vuta kigoda."

Akamweleza kilichomleta. Mama akacheka mpaka kisu kikamwanguka. "Uso wangu huu? Wa kizee? Utawatisha wasafiri!"

"Makunyanzi nitayapunguza, mama. Nitakurudisha kwenye miaka arobaini."

"Punguza, hayo sina shida nayo. Lakini hili hapa usiliguse." Akaweka kidole katikati ya nyusi, pana mfereji mmoja umesimama wima. "Hili si la uzee. Nilizaliwa nalo, naye alizaliwa nalo. Na sikio hili la kushoto lililojitokeza nje, usilibane. Wenzake walimcheka shuleni, akija analia namwambia, nyamaza, hilo sikio ni langu nimekuazima."

Siku nne mama yule alikaa mlangoni na fundi akamfinyanga. Siku ya nne kichwa kikawa tayari kupelekwa mjini, kikatengenezewe kalibu, umbo la kumiminia saruji. Mama akaomba kukishika. Akaweka kiganja chake kwenye lile shavu bichi, akakiacha pale. Fundi akaenda nyuma ya nyumba kuvuta sigara, naye hakuwa mvutaji.

Aliporudi, mama akamuuliza, "Baba, chini ya hiyo sanamu patakuwa na udongo?"

"Patakuwa na zege, mama."

"Ah."

Fundi akaelewa. Akasema, "Nitakuachia nafasi pale miguuni, ukubwa wa sahani. Nitapaacha wazi, nisipamwagie zege. Siku ya uzinduzi njoo mwenyewe na udongo wa nyumbani, uweke kwa mkono wako."

Mnaona sasa jambo lilipofika? Baada ya miaka thelathini na ushee, mama amepata mahali. Pamebaki kufika tu.

Fundi akashuka mjini, akamwambia mwenyekiti, "Siku hiyo mama yake awepo, tafadhali." Mwenyekiti akaitikia, ila fundi alipoondoka akaigeukia kamati. Nataka mlisikie vizuri neno alilosema, kwa sababu halikuwa neno la mtu katili. Lilikuwa neno la mtu mstaarabu. Alisema, "Yule mama ni mzee, kule juu ni mbali, na asubuhi kuna baridi. Tusimsumbue."

Tusimsumbue! Neno zuri hilo, eh? Tunalijua. Babu asiletwe harusini, tusimsumbue. Shangazi asiambiwe kuna kikao cha ukoo, tusimsumbue, si unajua miguu yake. Mlemavu asipewe kazi ya kanisa, tusimsumbue maskini. Yaani tumepata namna ya kumfungia mtu mlango huku tunamfunika blanketi. Na yeye mwenyewe umemuuliza kama anasumbuka?

Siku ya uzinduzi ikafika. Maturubai mekundu na meupe, viti vimevalishwa vitambaa, matarumbeta yanalia tangu asubuhi. Mgeni rasmi yupo, na kwaya ya kanisa imepiga sare mpya. Maturubai yote yamekaa mbele ya sanamu, yameipa barabara mgongo. Sanamu imefunikwa shuka refu la bluu, na fundi yuko nyuma yake juu ya ngazi, ameshika kamba, haoni kinachoendelea mbele. Safu ya kwanza pana viti vinane vimeandikwa FAMILIA. Waliokaa hapo ni wakwe za mwenyekiti. Msicheke. Viti vilikuwa vitupu, na wakwe walikuwa wamesimama, mngefanyaje?

Mama alikuwa ameondoka kwake jogoo la kwanza. Alichimba udongo wake nyuma ya jiko, pale alipozika kitovu cha mwanawe siku alipozaliwa, maana kule kitovu cha mtoto huzikwa nyumbani. Akaufunga kwenye pindo la kanga, fundo zuri, akavaa sweta yake, akashuka mlima kwa miguu. Kufika kipilefti akakuta kamba imezungushwa, na mgambo amesimama mlangoni na kirungu.

"Kadi yako, bibi."

"Sina kadi, mwanangu. Nimekuja kwa mwanangu."

"Mwanao yupi? Yuko jikoni au kwenye matarumbeta?"

Mama akanyoosha kidole. "Yule aliyefunikwa."

Mgambo akamtazama. Bibi mmoja, ndala zimejaa tope, anasema yeye ni mama wa sanamu. Na vichaa siku za sherehe hawakosi. Akataka kumwondoa polepole, kwa heshima tu, lakini macho yake yakaangukia lile fundo.

"Umefunga nini hapo?"

"Udongo."

"Udongo wa nini?"

"Wa kumwekea miguuni."

Ee ndugu zangu. Mnajua kilichofuata, kwa sababu nyinyi mngefanya vilevile. Bibi kizee, peke yake, na udongo umefungwa kwenye kanga, wa kumwekea mtu miguuni! Watu wa karibu wakarudi nyuma hatua tatu. Maneno yakakimbia chini ya turubai: kuna bibi kaja na vitu vyake, kuna bibi anataka kumwaga kitu mbele ya mgeni rasmi. Yalipofika kwa mwenyekiti, udongo ulikuwa umeshakuwa wa kaburini, na kaburi lilikuwa la mtoto mchanga.

Mtaniuliza, hakuna aliyemjua? Waliomjua, watu wa ukoo na wa rika la Meja, hawakupewa kadi. Kamati nzima, vikao kumi na saba, haikuwahi kupanda kule juu hata siku moja. Walikuwa wakimtaja katika hotuba, "mama mzazi wa shujaa wetu", lakini hakuna aliyewahi kula ndizi yake.

Mwenyekiti akaja na suti yake, akasimama mbali kidogo, wasije wakasema amegusa. "Mtoe. Avuke barabara. Na hicho alichokibeba kimwagwe."

Mama akasema, "Baba, nisikilize, mimi ndiye—"

Kwaya ikapasuka. "Shindwa! Shindwa! Ushindwe na ulegee!" Hawakuwa walevi wa kilabuni, wapendwa. Ni watu wa ibada, wana sare mpya na Biblia mapajani. Mwingine alishikwa na hasira takatifu mpaka kilemba kikamvuka. Mgambo akamshika mama mkono, akamvusha barabara, akafungua lile fundo, akaukung'uta udongo ndani ya mtaro. Mtaro wa maji machafu ya mahotelini. Ulilia chubwi kidogo tu. Mama alibaki ameshika pindo la kanga lililokunjamana, halina kitu.

Na mchungaji? Eh, hamjaniuliza kama palikuwa na mchungaji. Palikuwa na mchungaji. Alikuwa safu ya pili, soda mkononi, kola yake nyeupe imepigwa pasi. Alikuwa ameona kila kitu. Mwenyekiti akamwinamia sikioni, "Mchungaji, tusaidie kidogo, eneo lisafishwe kabla hatujaendelea." Naye akaiweka soda chini ya kiti, akapokea kipaza sauti, akafumba macho, akaomba. Aliomba kwa nguvu. Alikemea kila hila ya mwovu iliyopandwa mahali pale, akaivunja, akaitupa kuzimu, na watu wakaitikia amina hadi stendi ikasikia. Ng'ambo ya barabara, mama yule naye akasema amina. Yeye hakujua anayekemewa ni nani. Alidhani mwanawe anaombewa.

Mshereheshaji akahesabu, moja, mbili, tatu! Fundi akavuta kamba. Shuka likaanguka.

Makofi yakaanza. Matarumbeta yakapandisha. Halafu watu wa safu ya mbele wakaacha kupiga makofi, kisha wa safu ya pili, na tarumbeta moja likanyamaza, likafuata lingine, mpaka ngoma ikabaki peke yake, nayo ikaona aibu ikaacha.

Meja alikuwa amesimama pale juu na magwanda yake, ameinua kidevu. Katikati ya nyusi pana mfereji mmoja wima. Sikio la kushoto limejitokeza nje ya kofia. Mdomo ni ule ule uliosema "baba, nisikilize". Na macho yake yalipita juu ya vichwa vya wageni wote, yakavuka barabara. Watu wakageuka, shingo moja baada ya nyingine, kutazama anachokitazama. Wakamwona bibi mmoja amesimama kando ya mtaro, ana sweta.

Fundi alikuwa ameshuka ngazi, anafuta mikono, anafurahi, maskini. Akatazama safu ya mbele, akatazama viti vya FAMILIA. Akauliza, na kipaza sauti kilikuwa karibu, kila mtu akasikia, "Mwenyekiti, mama mmemkalisha wapi?"

"Mama gani?" mwenyekiti akasema, ingawa alishajua. Jasho lilikuwa linamtoka kwenye ile baridi.

Fundi akainua mkono juu kwenye sanamu. "Mwenye uso huu."

Hapo ndipo mji mzima uliposikia aibu, na aibu ile haikuwa na mahali pa kujificha, kwa sababu ilikuwa imesimama juu ya zege, urefu wa futi kumi na mbili. Wakwe wakaruka vitini kana kwamba viti vina siafu. Wana kwaya wakainamia viatu vyao. Mwenyekiti akavuka barabara mbio, akarudi amemshika mama kiwiko, anatabasamu kwa nguvu, "Mama yetu mpendwa, karibu sana, karibu kiti hiki, karibu soda..."

"Kiti sitaki," mama akasema. "Udongo wangu uko wapi?"

Mwenyekiti akautazama mtaro.

"Mama, tutakuletea udongo mwingine. Hata lori zima!"

Muuza vifaa vya ujenzi, hakujua kusema kingine. Mama hata hakumjibu. Akageuka kumtazama mgambo, na mgambo akatupa kirungu, akashuka mtaroni, maji yakamfika magotini, akaanza kupapasa chini kwa vidole. Meza kuu ilikuwa na watu ishirini na watatu, wote wana mikono. Aliyeshuka ni yule mmoja. Akatoka na tope jeusi kiganjani, lina vizibo vya soda na kipande cha nailoni. Alikuwa analia kwa sauti, mwanaume mzima na magwanda yake. "Nisamehe, bibi. Sijui kama ndio wenyewe."

Mama akalipokea. Akatoa vizibo, kimoja, kimoja, bila haraka, na watu wote wakamsubiri. Akapiga magoti pale fundi alipomwachia nafasi, akaliweka, akalikandamiza kwa kiganja. Uso wa mwanawe ulikuwa juu mno, hakuufikia, akashika kiatu. Akasema, "Haya, baba. Pumzika sasa." Nadhani alisema na mengine, lakini hayo yalikuwa yake na mwanawe.

Alipoinuka, akafunga kanga yake vizuri, akaenda moja kwa moja kwa mchungaji. Hakuwa na hasira. Alikuwa anauliza kweli, kama mtu anayetaka kujua.

"Shikamoo baba mchungaji. Ile sala uliyoomba, ilikuwa ya kumzika mwanangu, au ilikuwa ya kunifukuza mimi? Nataka kujua, maana mimi niliitikia amina."

Angemjibu nini?

Mchungaji akainama kuitafuta soda yake chini ya kiti. Mama akasubiri kidogo, kisha akavuka barabara, akapanda mlima kwao. Na mji ule mpaka leo, watu wakizunguka kipilefti, hutazama barabara. Hakuna anayeinua macho. Wamejenga sanamu ili wamkumbuke mtu, na sasa kazi yao ya kila siku ni kutoitazama.

Haya. Mfano umeisha hapo. Mmeanza kupumua, naona.

Mnataka niwaambie kwamba sisi ni kama mwenyekiti? Wengine ndio, mnajijua. Kwamba sisi ni kama kwaya? Bibi wangapi katika vijiji vyetu wameitwa wachawi kwa sababu tu wamezeeka na macho yamekuwa mekundu kwa moshi wa kutupikia sisi? Na tunaingia humu, tunamwimbia Mungu aliyemuumba mtu kwa sura yake, tunafunga macho kwa utamu wa wimbo, na sura yenyewe iko mlangoni inaulizwa kadi. Tunaipenda sura ya Mungu ikiwa juu ya zege. Ikija na ndala zenye tope tunaikemea.

Lakini sikupanda humu kuwasema nyinyi. Nimesema mji ni wa kutunga, na mwenyekiti ni wa kutunga. Sasa nitawaambia jambo ambalo sikulitunga.

Jumapili iliyopita, ibada ya shukrani ya mavuno, mama mmoja mzee alikuwa amekaa pale, kiti cha tatu kutoka ukutani, safu ya mbele. Alikuja mapema kuliko wote, na mkungu wa ndizi kichwani, sadaka yake. Kwaya ya wageni ilipofika viti havikutosha. Mzee wa kanisa akamwendea, akamwambia kwa heshima kabisa, "Mama, tukuhamishie nyuma, usije ukasumbuliwa na spika." Mama akainuka. Nyuma palikuwa pamejaa. Akasimama mlangoni kidogo, kisha akatoka nje, na mvua ilikuwa imeanza. Niliona. Nilikuwa hapa hapa niliposimama. Niliona yote toka mwanzo mpaka mwisho, na nilichofanya nikafungua kitabu cha nyimbo, nikawa natafuta ukurasa ambao nilikuwa nimeshauweka alama.

Baada ya ibada tulifanya mnada wa mavuno. Mkungu wake niliununua mimi. Tumeula nyumbani wiki nzima. Ndizi tamu kweli. Jumatano nikiwa mezani, nikalirudisha tonge kwenye sahani. Nikamuuliza mke wangu, yule mama aliyezileta anaitwa nani? Hajui. Nikawauliza wazee wa kanisa, hawajui. Nikamuuliza katibu, akatazama daftari la washarika, hakumpata. Mtu amekuja hapa kwetu, nadhani, miaka mingi. Nimempa mkono mlangoni sijui mara ngapi, na jina lake silijui. Uso wake naujua. Ukinipa udongo, naweza kuufinyanga.

Geukeni mtazame kiti kile. Msinitazame mimi, tazameni kiti. Leo hakuna kwaya ya wageni, na kiti ni kitupu. Hakuja.

Kwa hiyo leo sitafunga kwa sala. Ninaogopa kuomba, nisije nikawa naomba sala ile ya kipilefti. Kwaya, kaeni, msiinuke. Nitakwenda kusimama pale mlangoni alipokuwa amesimama yeye, na sitaingia nyumbani kwangu mpaka apatikane kati yenu mtu mmoja anayejua njia ya kwake. Awe mtoto, awe nani, anishike mkono tu. Nikifika nitamwambia shikamoo, na nitamuuliza jina lake.